Chandarua Kinachoitwa cha Miaka Mitatu

Mwanzoni mwa 2015 vyandarua vipya viligawiwa katika makundi 48 ya vijiji na vitongoji vya wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, na kwa miaka iliyofuata watafiti wakawa wanarudi nyumba kwa nyumba kuuliza nani amelala ndani yake. Baada ya mwaka mmoja, watu 77 katika kila 100 walisema walilala ndani ya chandarua. Mwaka wa pili wakawa 59. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani (WHO), chandarua chenye dawa ya muda mrefu ni kile kinachomudu kufuliwa mara 20 maabara na kutumika miaka mitatu nyumbani. Katika Muleba hiyo miaka mitatu haikutimia.

Ni rahisi kusema kwamba watu wa Muleba hawajui kutunza vyandarua. Maneno hayo husikika mara nyingi wafadhili na maofisa wanapokutana, na yanafunika swali kubwa zaidi: huo umri wa miaka mitatu ulipatikanaje, na wapi? Bidhaa inayopewa umri katika mazingira fulani, kisha ikatumwa kuishi katika mazingira mengine, haiwezi kumlaumu mwenyeji kwa kuzeeka mapema. Nalisema hili bila dharau kwa wanasayansi. Vipimo vyao vina kazi muhimu, na nitaieleza. Ila vipimo hivyo vimegeuzwa kalenda ya Serikali, na katika kalenda hiyo kuna mwaka mzima ambao watoto wa Kagera hulala ndani ya matundu.

Tuanze na ufuaji. Kipande cha chandarua chenye upana wa sentimita 25 kwa 25 hutumbukizwa katika chupa yenye nusu lita ya maji yaliyoondolewa chumvi, pamoja na sabuni laini ya kipimo cha gramu mbili kwa lita. Chupa huwekwa kwenye mashine inayoitikisa mara 155 kwa dakika, kwa dakika 10, maji yakiwa na joto la nyuzi 30. Kisha kipande husuuzwa mara mbili, hukaushwa na kutunzwa gizani. Huo ni mfuo mmoja. Hurudiwa mpaka ifike 20.

Sasa linganisha na ufuaji wa Muleba. Chandarua kinafuliwa kizima, kwa sabuni ya mche au ya unga, ndani ya beseni, mtoni au kando ya ziwa. Kinasuguliwa kwa vidole au juu ya jiwe, kwa kuwa kimechafuliwa na moshi wa kuni, vumbi jekundu la ukuta wa udongo na mikojo ya watoto. Kinakamuliwa kwa nguvu, kisha kinaanikwa juani juu ya ua au migomba ya karibu. Jua lenyewe huvunja dawa za jamii ya pairethroidi zilizomo kwenye vyandarua. Mashine hiyo ya maabara haikamui chandarua, wala hakuna chupa yenye ukingo mkali wa jiwe.

Baada ya ufuaji hufuata mbu. Mbu watano jike huwekwa ndani ya koni ya plastiki iliyobanwa juu ya kipande hicho, hukaa humo dakika tatu, kisha hutolewa na kuangaliwa. Chandarua hufaulu ikiwa asilimia 95 ya mbu wameanguka ndani ya saa moja, au asilimia 80 wamekufa baada ya saa 24. Mbu wanaotumika mara nyingi katika kipimo hiki, katika maabara za nchi nyingi, ni ukoo wa Anopheles gambiae unaoitwa Kisumu. Asili yake ni mji huohuo wa Kisumu, ng'ambo ya ziwa tunaloliona kutoka Bukoba. Mbu hao wamezaliwa vizazi kwa vizazi ndani ya vizimba na hawana usugu wowote kwa dawa. Ndiyo maana wanapendwa: wakifa, mpimaji anajua dawa ipo. Lakini ndugu zao waliobaki porini kando ya ziwa hawakubaki walivyokuwa.

Historia ya mbu wa Muleba inafaa kukumbukwa kwa utulivu. Wilaya ilipata mlipuko mkubwa wa malaria mwaka 2006. Kuanzia 2007 nyumba zikaanza kupuliziwa dawa-ukoko, na dawa iliyochaguliwa ilikuwa ya jamii ya pairethroidi, jamii ileile iliyokuwa kwenye vyandarua. Ukuta na kitanda vikawa vinamwua mbu kwa silaha moja. Miaka michache baadaye uchunguzi ukaonyesha kwamba Anopheles gambiae wa Muleba wana usugu mkubwa kwa pairethroidi, na dawa ya ukutani ikabadilishwa kuwa bendiokabi. Kwenye vyandarua hakukuwa na mbadala wa kubadilishia. Mwaka 2011 vyandarua viligawiwa kwa kaya zote nchini, na Muleba ikapokea dawa ambayo mbu wake walikwisha kuizoea. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, watoto waliokuwa na vyandarua pamoja na dawa-ukoko ya bendiokabi walikuwa na maambukizi ya asilimia 13. Waliokuwa na vyandarua peke yake, asilimia 26.

Ina maana kwamba chandarua kilichofaulu mbele ya mbu wa Kisumu kilikuwa kinamkuta Muleba mbu aliyeota ngao. Kipimo hakikudanganya. Kilijibu swali aliloulizwa mbu wa kizimba, na jibu hilo likapelekwa kwa mama wa Nshamba na Kamachumu, huko Muleba, kana kwamba yeye ndiye aliyeuliza.

Marekani ilikutana na jambo la aina hii kwa silaha za moto. Bunduki ya M16 ilipita majaribio ikitumia baruti ya aina moja. Ilipopelekwa Vietnam katikati ya miaka ya 1960, risasi zake zilikuwa zimejazwa baruti ya aina nyingine, chemba yake haikuwa na mpako wa kromiamu, na askari wengi hawakupewa vifaa vya kuisafishia kwa sababu ilisifiwa kuwa haihitaji usafi mwingi. Ikawa inakwama mikononi mwa watu waliokuwa wakishambuliwa. Mwaka 1967 kamati ndogo ya Bunge la nchi hiyo, chini ya Richard Ichord, ilichunguza na kulaumu vikali namna baruti ilivyobadilishwa bila majaribio ya kutosha. Mkoa uliovamiwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978 hauhitaji kuelezwa uzito wa silaha kugoma. Na chandarua, kwa familia ya Kagera, ni silaha ya kila usiku. Matokeo ya majaribio ya bunduki ile yalikuwa sahihi kwa bunduki iliyojaribiwa. Iliyoshikwa msituni ilikuwa nyingine.

Turudi kwenye vyandarua, maana tofauti ya pili inahusu matundu, na hapa kipimo kinakosea kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko kwenye dawa. Kabla chandarua hakijapelekwa vijijini hujaribiwa katika vibanda maalumu, kama vile vya Ifakara na Moshi, ambamo mtu wa kujitolea hulala kuanzia jioni hadi alfajiri na mbu waliomfuata huhesabiwa asubuhi. Ili kuiga uchakavu, chandarua hukatwa matundu sita ya mraba, kila moja sentimita nne kwa nne, mawili kila upande mrefu na moja kila upande mfupi. Uimara wa kitambaa nao hupimwa kwa kukisukuma kwa shinikizo hadi kipasuke.

Lakini nyumbani chandarua hakipasuki kwa kusukumwa sawasawa kutoka chini. Hunasa. Hunasa kwenye msumari, kwenye mti wa kitanda usiopigwa randa, kwenye ncha ya mwanzi, kwenye kucha ya mtoto anayeamka usiku kukojoa. Huungua kwa kibatari. Hutafunwa na panya, hasa pale mahindi na maharage yanapowekwa chumba kimoja na kitanda. Watafiti wa nguo wa Leeds, Uingereza, walipovichunguza vyandarua vilivyotumika waliona kwamba sehemu kubwa ya matundu chanzo chake ni nguvu za kimakanika, na kunasa ndiko kulikoongoza. Wakapendekeza vipimo vipya vya kunasa, kusuguliwa na kupanuka kwa tundu. Mtu yeyote aliyelala katika nyumba ya miti na udongo angeweza kuwaambia hivyo tangu mwanzo, lakini ni vema sasa limeandikwa na wenye mashine.

WHO ina njia nzuri ya kuhesabu matundu baada ya matumizi. Tundu lisiloingiza kidole gumba hupewa pointi 1. Linaloingiza gumba lakini si ngumi hupewa 23. Linaloingiza ngumi lakini si kichwa hupewa 196, na linaloingiza kichwa 576. Jumla ikizidi 642, chandarua kimekwisha. Angalia hesabu hiyo: matundu manne yanayopitisha ngumi ya mtu yanatosha kukifuta. Katika kitanda kimoja wanakolala watoto watatu wa umri wa shule ya msingi, matundu hayo hayachukui muda mrefu kupatikana.

Tanzania ilipima jambo hili vizuri. Utafiti mkubwa uliofanyika katika wilaya nane nchini na kuchapishwa mwaka 2020 ulifuatilia vyandarua zaidi ya 10,000 vya aina tatu, vyote vikitarajiwa kudumu miaka mitatu. Umri wa kati ambao chandarua kilikuwa bado kipo na bado kinafaa ulikuwa miaka 2.0 kwa Olyset, 2.5 kwa PermaNet 2.0 na 2.6 kwa NetProtect. Hakuna hata kimoja kilichofika mitatu. Na Olyset si bidhaa ya kutoka mbali. Inafumwa Arusha, katika kiwanda cha A to Z, kwa teknolojia iliyoletwa kutoka Japani mwaka 2003. Tunaitengeneza wenyewe, tunaitumia wenyewe, na kipimo chake cha umri kikawa kinatoka kwingine.

Kuna jambo la hali ya hewa ambalo huwa halitajwi. Dawa ya Olyset imechanganywa ndani ya uzi, na hutokeza juu taratibu baada ya kila mfuo, na joto huiharakisha. Katika majaribio ya mwanzo, vipande vilivyofuliwa vilipashwa joto la nyuzi 60 ili dawa ijitokeze. Bukoba iko kando ya ziwa lililo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, inapata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na usiku wake ni wa baridi. Kwenye miinuko ya Muleba baridi huzidi. Chandarua kilichofuliwa leo wakati wa masika na kuning'inizwa usiku huohuo hakipati joto la maabara popote.

Utafiti wa 2015 Muleba ulijaribu kuziba pengo upande wa dawa. Nusu ya makundi ya vijiji yalipewa Olyset ya kawaida, nusu yalipewa Olyset Plus, yenye pairethroidi iliyoongezewa PBO, kemikali inayozuia vimeng'enya ambavyo mbu sugu huvitumia kuivunja dawa mwilini. Baadhi ya vijiji vilipuliziwa pia dawa-ukoko ya muda mrefu, pirimifosi-methili. Watoto wa miezi sita hadi miaka 14 walipimwa. Baada ya miezi tisa, maambukizi yalikuwa asilimia 29 kwa wenye PBO na 42 kwa wenye vyandarua vya kawaida. Ilikuwa habari kubwa, na ilikwenda mbali: mwaka 2017 WHO ilianza kupendekeza vyandarua vya PBO kwa maeneo yenye mbu sugu, na ushahidi mkuu ulikuwa ni damu ya vidoleni mwa watoto wa Muleba.

Lakini isomwe hadi mwisho. Baada ya miezi 21, maambukizi yalikuwa asilimia 45 kwa wenye PBO na 62 kwa wengine. Tofauti ilibaki, na ni tofauti ya maana. Hata hivyo pande zote mbili zilikuwa zimepanda. Chandarua bora kilikuwa bado bora kuliko kingine, huku vyote viwili vikishuka pamoja, na karibu nusu ya watoto waliolala katika vijiji vya chandarua bora walikuwa na vimelea. Wakati huohuo, takwimu za taifa za 2015 na 2016 ziliiweka Kagera juu ya mikoa yote kwa maambukizi ya watoto wa chini ya miaka mitano: asilimia 41. Mwaka wa tatu wa utafiti ulipofika, vyandarua vya awali vilivyosalia vikitumika vilikuwa vichache.

Kusini mwa ziwa, Misungwi mkoani Mwanza, kushuka kwa nguvu ya vyandarua kulijirudia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, miezi 24 baada ya ugawaji, vijiji vyenye vyandarua vya PBO vilikuwa na maambukizi ya asilimia 40.7 na vyenye pairethroidi pekee 45.8. Tofauti ya PBO ilikuwa imeyeyuka karibu yote. Vyandarua vyenye klofenapiri ndivyo vilivyosimama, kwa asilimia 25.6, na mwaka 2023 WHO ikavipendekeza kwa nguvu zaidi. Ninafurahi kwa dawa mpya. Ninahofia kwamba tutaipa tena umri wa miaka mitatu kabla kitambaa kinachoibeba hakijaulizwa kitadumu miaka mingapi kwenye kitanda cha Izigo au cha Kimwani, wilayani Muleba.

Nchi ya Papua New Guinea ina onyo la namna nyingine. Huko mbu hawakuwa sugu, lakini malaria ilirudi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2020 ulikuta kwamba vyandarua vilivyotengenezwa kuanzia 2013 vilikuwa vimepungua sana nguvu ya kuua mbu, hata vikiwa vipya ndani ya mfuko wake. Kiasi cha dawa kwenye kitambaa kilikuwa kilekile kilichotakiwa. Kipimo cha kiasi cha dawa kilikuwa kinafaulu mwaka baada ya mwaka, huku watu wakiugua. Ikiwa hilo liliweza kupita miaka saba bila kugunduliwa, mkoa wowote usiopima vyandarua vyake baada ya kupokea uko hatarini vilevile.

Nilisema nitaeleza kazi ya vipimo vya maabara. Bila vipimo hivyo soko lingejaa vitambaa vilivyochovywa dawa kidogo na kuuzwa kwa bei rahisi. Mbu wa Kisumu na mashine ya kutikisa huwezesha kulinganisha bidhaa ya China, ya Vietnam na ya Arusha kwa kipimo kimoja, na bidhaa inayoshindwa hapo haistahili kufika Kagera. Kipimo hicho ni mlango. Kosa linaanza pale mlango unapohesabiwa kuwa nyumba nzima: pale anayenunua anaposoma "miaka mitatu" kwenye karatasi na kuandika kwenye mpango kwamba ugawaji unaofuata utakuwa baada ya miaka mitatu.

Na kuna watu ambao kipimo hakikuwafikiria kabisa. Katika visiwa vya Muleba, Goziba, Ikuza na Bumbire, wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, taa zikiwa majini, na hulala mchana katika vibanda vya mabati, mabanzi na turubai. Chandarua chao hufungwa na kufunguliwa kila wanapohama kambi. Kila kufungua na kufunga ni nafasi mpya ya kunasa. Wengine hukigeuza wavu au kitandazio cha dagaa, jambo lililokatazwa na lenye madhara kwa samaki wachanga, lakini hata hilo hutokea zaidi kwa chandarua ambacho tayari mwenyewe anakiona kimekwisha. Umri wa chandarua katika kambi ya wavuvi haujawahi kuwa sehemu ya kibali chochote.

Upo upande wa fedha pia. Serikali na wafadhili hununua kwa bei ya chandarua kimoja, na anayeuza kwa senti chache chini ndiye hushinda. Utafiti wa wilaya nane ulipiga hesabu kwa njia nyingine: gharama kwa kila mwaka wa ulinzi. Kwa njia hiyo, chandarua kinachodumu miaka miwili na nusu kinaweza kuwa nafuu kuliko kinachodumu miwili, hata kama bei yake dukani ni kubwa kidogo. Maadamu mnunuzi halipi kwa uimara, mtengenezaji hana sababu ya kufuma uzi mzito. Kushuka kwa vyandarua ninakokuzungumzia kuna mizizi yake hapo, kwenye zabuni, kabla hata shehena ya kwanza haijafika bandari ya Kemondo.

Kuna kazi nzuri iliyokwisha kuanza. Mjamzito hupata chandarua anapohudhuria kliniki, na mtoto anapochanjwa surua. Ugawaji kupitia shule ulioanza mwaka 2013 katika mikoa ya kusini ulionyesha kwamba vyandarua vinaweza kuingia nyumbani kila mwaka badala ya kusubiri kampeni kubwa. Njia hizo zinafaa mno kwa Kagera, kwa sababu hazihitaji kuamini kwamba chandarua cha zamani bado kipo.

Kinachokosekana ni kipimo chetu wenyewe, kinachofanyika kila mwaka na kutangazwa hadharani. Halmashauri za Bukoba na Muleba zina wahudumu wa afya wa jamii wanaozijua nyumba zote za vitongoji vyao. Wahudumu hao wanaweza kuhesabu matundu kwa kidole, ngumi na kichwa, na kuchukua vyandarua vichache kila kata vipelekwe kwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), Mwanza, vikajaribiwe kwa mbu waliokamatwa Muleba, si kwa mbu wa kizimba peke yao. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kontena moja la vyandarua visivyofikisha umri wake. Matokeo yaandikwe kwa jina la bidhaa, ili zabuni inayofuata isome yaliyotokea Nshamba kabla ya kusoma bei.

Hadi kazi hiyo ifanyike, ushahidi uliopo unatosha kwa uamuzi mmoja. Wizara ya Afya na wafadhili wapange ugawaji wa vyandarua kwa Kagera kila baada ya miaka miwili, wakianza na visiwa na kata za ziwani za Muleba, na waache kuihesabu miaka mitatu ambayo hakuna utafiti wowote wa Tanzania uliotajwa hapa ulioikuta nyumbani mwa watu.